Roza Hakungoja Kuvushwa

"Umekufa!" Roza alisema, na wanawake wote waliokuwa wakingoja mpunga wao ukobolewe wakaangua kicheko.

Matano, fundi aliyetoka Iringa kutengeneza mashine ya kukoboa ya kijiji cha Ubaruku, alishika spana akabaki mdomo wazi.

"Nimekufaje? Mimi nimengoja tu mtu anivushe!"

"Ndiyo hivyo. Wewe ni msichana. Mbele mto umefurika, nyuma moto wa nyika unakuja. Nikakuuliza unafanyaje, ukasema unangoja. Hakuja mtu."

"Basi tena. Anza upya!"

Huo ndio uliokuwa mchezo wa Roza, binti wa mzee Nkuba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Roza anasimulia kisa, wewe ndiye mwenye kisa, na kila panapotokea njia mbili unachagua. Kinaisha kabla debe lako halijafika kwenye mashine. Ukifa husikitiki. Unataka kurudia haraka, upite kule ulikoogopa.

Matano alikufa mara nyingi siku hiyo. Akaliwa na mamba, akaolewa na fisi. Mashine ilipopona, hakuondoka mara moja.

"Mbona visa vyako unavifanya vifupi hivi?"

"Kirefu utakisikiliza tu, mwishowe usinzie. Kifupi utakirudia. Na ukikirudia, siyo wewe yule wa mwanzo."

"Basi mimi nitarudi."

Akarudi kweli, hata mashine ikiwa nzima. Siku moja, kwenye kile kisa cha mto, alisema, "Singoji mtu. Nakata mgomba, naukalia kama mtumbwi, navuka mwenyewe."

Roza hakucheka. "Umefika ng'ambo. Wewe ni mwanamume wa kwanza kufika."

"Na huko ng'ambo nikikukuta wewe, nikakuomba tuoane?"

"Nakubali," Roza alisema, mbele ya watu wote.

Kabla ya jua kuzama maneno yalikuwa yamemfikia Nkuba.

"Unafundisha wasichana kujichagulia!" alifoka. "Na wewe umejichagulia fundi, Mwislamu, hana hata ndama! Nimeshakubaliana na Bujiku akuoe. Ng'ombe wa mahari wanaletwa."

"Warudishe, baba. Mimi sikukubaliana na Bujiku."

"Utaolewa naye, au utoke hapa!"

Mama yake alikuwa analia jikoni. Roza alimkumbatia, akachukua kanga zake na viatu vyake vya kanisani.

"Natoka," alisema.

Akapanda basi la Iringa, kwa Matano. Njiani, basi liliposimama Nyololo, abiria wote waliteremka kunywa chai. Yeye alibaki kitini, akiogopa kwamba miguu ikigusa chini itamrudisha nyumbani.

Kihesa, mjini Iringa, alipokelewa na Mwanakhamisi, mama yake Matano. Mama huyo hakutabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye michezo? Mwanangu amekuwa kama mtoto, anajisemesha mwenyewe huko karakanani. Msichana wa heshima anakuja na wazee wake, binti."

"Wazee wangu wamekataa, mama. Nimejileta."

"Na mimi nikikataa?"

"Nitatafuta kazi hapa mjini. Kwa Bujiku sirudi. Na Matano nitampenda kutoka nyumba nyingine."

Mwanakhamisi alimtazama, akachukua ungo akapepeta mchele. Kisha akasema, "Hebu nione huo mchezo."

Roza akamsimulia. Mama alingoja kuvushwa, akafa.

"Mimi niliolewa hivyo," alisema polepole. "Niliambiwa nikae, nikakaa." Akasukuma ungo pembeni. "Tena. Safari hii sikai."

Alicheza mpaka maharage jikoni yakaungua. Matano aliporudi kutoka karakana alimkuta mama yake anabishana na Roza kuhusu mamba.

"Wewe unangoja nini?" mama alimgeukia. "Nenda bomani ukaandikishe ndoa. Kila mmoja abaki na dini yake."

Siku ilipopangwa, Roza mwenyewe alikwenda posta akapeleka telegramu:

NAOLEWA BOMANI IRINGA JUMATANO ASUBUHI. NJOO BABA. ROZA.

"Akija kukuchukua?" Matano aliuliza.

"Atanikuta. Sikujificha."

Jumatano ofisa aliuliza kama yupo mwenye pingamizi. Mlango ukafunguliwa. Nkuba aliingia na fimbo yake, makoti mawili mwilini kwa baridi ya Iringa, vumbi la safari mpaka kwenye kope.

"Mimi ninalo!"

"Pingamizi gani, mzee?"

"Binti yangu hakuniomba ruhusa!"

"Huyu ni mtu mzima," ofisa alijibu. "Sheria inamuuliza yeye. Binti, umelazimishwa?"

"Hapana. Nimependa mwenyewe." Roza alimgeukia baba yake. "Sikukuita nikuombe ruhusa, baba. Nimekualika harusini. Ukiondoka nitaumia sana, lakini nitaolewa."

Matano akasogea, akainama. "Shikamoo, mzee."

Nkuba hakuitikia. Alimtazama binti yake, akautazama mlango, akamtazama tena binti yake.

"Mama yako amesema nisirudi bila kukuona ukiolewa," alinung'unika. "Wanawake wa nyumba yangu mmekuwa na vichwa vigumu."

Akaegemeza fimbo ukutani, akavuta kiti, akaketi.

"Marahaba," alimwambia Matano. Kisha kwa ofisa: "Endelea."