Jina kwenye Sufuria

Kila asubuhi Teta alifagia ua, akateka maji, akanywa chai, kisha akashika njia ya shule. Njia yenyewe ilikuwa fupi, lakini Teta aliirefusha kwa makusudi. Alipitia kwanza kituo cha mabasi kuona kama gari la Kigali limejaa. Akapitia sokoni kuona kama sambaza, wale samaki wadogo, wamefika kutoka ziwani. Nyuma ya msikiti alinunua maandazi mawili, halafu akasimama kidogo kuwatazama kina mama wa Bukavu, mji wa nchi jirani, wakipanda kilima na mizigo yao kutoka mpakani. Alipoingia darasani alikuwa na habari za mji mzima wa Kamembe. Wenzake walimwita Redio, na jina hilo hakulichukia hata kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 2004, darasa lao la sita lilipata kazi maalumu. Wanafunzi wa shule moja ya Kigali wangekuja Jumamosi kuutembelea mji. Mwalimu Eugénie aliamua kwamba wageni wataongozwa na wanafunzi wenyewe, wakisoma katika daftari kubwa lenye jina "Karibu Kamembe". Munyemana alipewa daraja la mto Rusizi. Wengine walipewa soko, bandari na uwanja wa ndege. Teta alipewa ukurasa wa mwisho: "Mtu Mashuhuri wa Mji Wetu."

"Sharti ni moja," alisema Mwalimu Eugénie. "Kila mmoja aulize watu watatu, na majina yao ayaandike chini ya ukurasa. Atakayeandika vizuri kuliko wote ndiye atakayetembea mbele ya wageni."

Teta alitaka kutembea mbele ya wageni kuliko kitu kingine chochote. Siku hiyohiyo alimwomba mama yake amnyooshee sare, ingawa Jumamosi ilikuwa bado mbali.

Jambo la kuandika alilijua tayari, au alidhani analijua. Mwezi wa sita mwaka huo vita vilizuka Bukavu, na watu wengi walivuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni. Kwa siku tisa watoto hao walipewa uji karibu na kituo cha mabasi. Mama yake Teta alimkataza kusogea huko, lakini kwa mbali aliona sufuria mbili kubwa na maandishi mekundu ubavuni: HABIMANA. Nani asiyezijua sufuria hizo? Papa Habimana huzikodisha kwa harusi na kwa Idi, na amezipaka jina lake ili zisipotee.

Basi Teta akaandika kwamba Papa Habimana, mfanyabiashara mwenye huruma, alipika uji siku tisa kwa mikono yake. Hakumuuliza mtu yeyote. Chini ya ukurasa akaweka majina ya majirani watatu, akafunga kalamu.

Alipousoma ukurasa huo darasani, wenzake walipiga makofi. Aurore peke yake hakupiga. Aurore alikuwa amevuka kutoka Bukavu mwezi huohuo wa sita pamoja na mdogo wake Ushindi, na tangu hapo waliishi kwa shangazi yao.

"Mwalimu, haikuwa yeye," alisema Aurore akisimama. "Ni maman moja njo alikuwa anatupikia. Papa hata moja sikumuona pale."

"Anaitwa nani huyo maman?"

"Jina yake sijue. Niko namutafuta tangu ile siku, nimushukuru. Ushindi alikuwa mugonjwa sana, na ule maman njo alikuwa anamupatia uji kwanza, mbele ya batoto bengine."

Teta aliona Jumamosi yake inaponyoka. "Weye uko mugeni tu," alisema kwa sauti kali. "Mugeni njo atatufundisha mji yetu?"

Darasa likacheka. Aurore akakaa, akainamia daftari lake.

"Teta," Mwalimu Eugénie aliuliza, "hawa watu watatu umewauliza wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Teta, upesi kupita kiasi.

Siku ya Alhamisi mwalimu alimtuma Teta apeleke barua kwa Papa Habimana, kumwalika akae kiti cha mbele siku ya wageni. Teta alimkuta uani, akihesabu viti vya harusi. Mzee huyo alivaa miwani, akasoma barua mara mbili, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Miye nipike uji? Mutoto yangu, miye hata chai inanishinda! Uliza maman ya batoto bangu."

"Lakini jina yako ilikuwa kwa sufuria, Papa."

"Jina yangu iko kwa sufuria ya kila harusi hapa Kamembe. Sasa, babibi-harusi bote ni miye niliwaoa?"

Teta hakuweza kucheka. Papa Habimana akaacha mzaha. "Sufuria niliwapa bure, hiyo ni kweli. Mupishi alikuwa Maman Mwavita, ule wa mandazi, nyuma ya musikiti. Siku tisa aliacha mandazi yake, akapikia batoto ba bantu." Aliikunja barua, akamrudishia. "Pelekea mwalimu. Kiti ya muntu mwengine siwezi kuikalia."

Teta aliondoka polepole. Angeweza kusema kwamba Papa Habimana amesafiri. Nani angejua? Jumamosi ingepita, naye angetembea mbele. Lakini miguu ilimpeleka nyuma ya msikiti. Maman Mwavita alikuwa hapo, amekaa kwenye kigoda chake, anageuza maandazi kwenye mafuta. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na kovu pana la moto. Teta alinunua maandazi kwa mkono huo kila siku ya shule isipokuwa zile siku tisa, na hakuwahi kuuliza mama huyo alikuwa wapi, wala kovu lile limetoka wapi. Aliona aibu, aibu ya kweli, hasa alipokumbuka jinsi Aurore alivyokaa akiinamia daftari.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Teta ilifika mwisho Ijumaa asubuhi. Alisimama mbele ya darasa, barua mkononi.

"Sikuuliza muntu hata moja," alisema. "Niliona tu jina kwa sufuria. Yale majina matatu niliyaandika miye mwenyewe. Aurore alisema kweli, nami nikamufanya bantu bamucheke. Nisamehe, Aurore."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Eugénie aliichukua barua. "Kesho hutatembea mbele, Teta. Utakuwa nyuma, ukibeba maji ya wageni. Ukurasa utaandikwa upya leo, na Aurore ndiye atakayeusoma."

Machozi yalimtoka Teta, naye hakuyaficha. Aurore aliinuka. Hakuonekana kujali nani atatembea wapi.

"Ule maman," alisema, "jina yake ni nani?"

"Maman Mwavita. Njoo nikuonyeshe."

Baada ya masomo walikwenda wote wawili, na Ushindi wakampitia nyumbani. Maman Mwavita aliinua kichwa, akamtazama Aurore kwa muda mrefu.

"Weye njo ulikuwa unaomba kikombe ya pili kwa mudogo wako," alisema. "Nilikuwa najiuliza kila siku. Ule mutoto... iko?"

Aurore akamsogeza Ushindi mbele. "Iko, Maman. Ni huyu. Na sasa uji hataki hata kuiona!"

Maman Mwavita alicheka, kisha akalia, akisingizia moshi. Alimpa Ushindi andazi la moto na kumshika shavu kwa ule mkono wenye kovu. Teta alipotoa kalamu na kumuuliza habari za siku zile, alitikisa kichwa.

"Usiandike miye peke yangu. Siku ya ine kuni ziliisha, bamaman ba kanisa njo bakaleta. Na sufuria ni za Habimana. Hiyo usisahau."

Teta aliandika yote. Chini ya ukurasa akaweka majina matatu: Habimana, Aurore, Mwavita.

Jumamosi wageni walifika. Aurore alitangulia, Teta alifuata nyuma na dumu la maji. Shuleni, Aurore aliposoma ukurasa, kwenye kiti cha mbele alikaa Maman Mwavita, na Papa Habimana alikaa nyuma yake akipiga makofi kuliko wote. Walipofika darajani, mgeni mmoja alimgeukia Teta.

"Daraja hili lilijengwa mwaka gani?"

Zamani Redio angejibu papo hapo. Teta aliweka dumu chini. "Sijui," alisema. "Ngoja tumuulize Munyemana, yeye aliulizia."

Mwalimu Eugénie alimsikia, akamwekea mkono begani.

"Jina lililo kwenye sufuria linatwambia sufuria ni ya nani," alisema. "Aliyepika hatumjui mpaka tuulize. Anayesema 'sijui' halafu akauliza, huyo ndiye wa kuaminiwa na wageni. Haya, chukua maji yako, wenzako wana kiu."