Mifuko ya Pumba

Kila asubuhi na kila jioni Rosenda alikaanga mpunga, lakini si wa kula. Aliumimina kwenye karai kubwa la chuma, akaukoroga kwa mikono hadi vidole vikaanza kugoma, kisha akaujaza kwenye mifuko ya nguo. Baba yake, Islao, aliipanga mifuko ndani ya pipa la mianzi: wa mpunga, wa mayai ya bata, wa mpunga tena, mpaka juu. Ndivyo watu wa Pateros, mji wa kando ya mto karibu na Manila, walivyoangua mayai bila bata kuyalalia.

Mwaka huo lilibaki pipa moja. Mto ulikuwa umegeuka mweusi, konokono waliokuwa chakula cha bata wakafa, na bata nao wakafuata. Mabanda yalikuwa kimya. Mayai ya pipani ndiyo yaliyosalia ya kundi zima.

"Haya yakiharibika, nakwenda Manila kubeba mizigo," Baba alisema. "Wewe utakaa kwa shangazi yako." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kufungasha.

Jioni moja alikwenda kuulizia kibarua kiwandani. Rosenda alikuwa karaini wakati Puring, binti wa jirani, alipokuja na bao lake.

"Senda, njoo nikufunge!"

"Wewe? Juzi si ulilia?"

"Nililia kwa kukuhurumia."

"Mpunga uko motoni."

"Kwani mpunga una miguu? Utakimbilia wapi?"

Wakacheza. Kete zilikuwa zimemnogea Rosenda aliposikia mpunga ukipasuka kama bisi. Alikimbia, lakini mwingi ulikuwa umeshakuwa mkaa. Puring alibeba bao lake akaondoka kimyakimya.

Mpunga mwingine haukuwapo nyumbani. Nyuma ya mashine ya kukoboa kulikuwa na lundo la pumba, maganda matupu ya mpunga, ambazo yeyote aliruhusiwa kuchota. Rosenda akachota, akazikaanga. Zilipata moto upesi hata akashangaa. "Mbona hizi ni kali kuliko mpunga," alijifariji, akafunga mifuko.

Baba alirudi bila kibarua. Aliinua mfuko mmoja. "Mbona mwepesi?"

"Mpunga umekauka sana, Baba."

Alimtazama kidogo, lakini mwili ulikuwa umechoka. Akaipanga mifuko, akafunika pipa.

Asubuhi alitoa yai, akaligusisha kwenye ukope wa jicho lake. Katika kazi ile kiganja hakiaminiki, kimezoea moto. Alikaa amefumba macho kwa muda.

"Baridi," alisema. Akachukua jingine. "Baridi."

Akafungua mfuko. Pumba zikamwagikia miguuni pake.

"Niliunguza mpunga," Rosenda alisema huku akilia. "Nilikuwa nacheza bao. Niliogopa kukwambia."

Baba hakuinua mkono wala sauti. Aliketi chini. "Ungeniambia jana," alisema, "ningeomba mpunga jana."

Rosenda alikimbia kwa mama yake Puring, akasema yote, hata la bao. Mama yule alimtazama Puring mpaka Puring akainamisha kichwa, kisha akatoa gunia la mpunga.

"Huu ndio chakula chetu. Mkimaliza uurudishe, nitaukoboa hivyo hivyo. Ukinuka bata, tutajidai tumekula nyama."

Mpunga ulipokuwa ukikaangwa, Baba alimulika mayai kwa taa, moja moja. Katika mengi, mishipa ya damu ya kifaranga ilikuwa imekufa. Aliyaweka kando. Yaliyobaki hayakujaza hata mfuko mmoja.

Siku zilizofuata Rosenda hakuondoka karaini. Baba alisema mara nyingi kwamba ni kazi bure, lakini aliendelea kupanga mifuko. Hatimaye ganda moja likapasuka, kisha mengine machache. Vifaranga wote walienea ndani ya kapu la sokoni. Mto ulikuwa bado mweusi. Hata hivyo, Baba alianza kufagia banda moja.

Jioni hiyo alimpa Rosenda mfuko wa mpunga na mfuko wa pumba, yote miwili imetoka motoni.

"Ishike. Usiseme kitu."

Wakakaa. Punde mkono wenye pumba haukuhisi chochote. Mkono wenye mpunga ulikuwa bado unatoka jasho.

"Pumba ni nyepesi, hazina kitu ndani," Baba alisema. "Joto dogo tu linazijaza, na hilo dogo likitoka, basi. Mpunga ni mzito. Unachelewa kupata moto kwa sababu unakunywa joto jingi, ndiyo maana una la kuyapa mayai usiku kucha."

Rosenda aliitikia kwa kichwa.

"Hilo hata mwalimu angekufundisha. Langu mimi ni hili: kuunguza mpunga ni ajali, hata mimi nimeunguza. Kilichoua mayai ni kunyamaza kwako. Siku nyingine ukiharibu, mwanangu, niambie mayai yangali na joto."