Masanduku Meusi ya Balgonie na Strang

"Maziwa yamechacha," sauti ilisema sikioni. "Yamwagwe kabla ya chai ya saa kumi."

Ishbel Gunn aliacha kutafuna.

Alikuwa mlangoni mwa duka la samaki na chipsi, mtaa wa Leith, sosi ya kahawia ikimchuruzika kidoleni. Mvua ya Edinburgh ilikuwa kazini, ile isiyonyesha wala kukatika. Kwenye sikio la kushoto alivaa kidude kama vile vya wazee wasiosikia. Kilikuwa redio.

"Kachachisha nani?"

"Wakili."

"Basi hayo si maziwa, bosi. Hilo ni jalala."

"Nenda, Gunn."

Shakwe wakala samaki. Pikipiki ya Triumph ikaguruma.

Habari yenyewe ilikuwa imeingia ofisini kwao, idara ya usalama, jana asubuhi, imevaa sare ya jeshi la maji. Luteni Kamanda Eilidh Macaskill, mwanamke anayeongoza njia ya nyambizi chini ya bahari, aliweka simu yake mezani. Alikwisha kulia chooni ili asilie mbele ya watu.

Kwenye simu kulikuwa na picha ya karatasi ya mwaka 1974. Chini yake sahihi ya mama yake, Effie.

Effie alikuwa na miaka kumi na saba, mfua nguo katika nyumba kubwa ya Inverlaw. Mtoto wa kwanza wa bwana mkubwa alimfuata chumba cha kufulia, akafunga mlango. Effie alimpiga na pasi ya chuma. Mara moja tu, ikatosha.

Wenye nyumba hawakutaka aibu. Mwana wao alitupwa mtoni, ikasemwa amezama akivua samaki. Kisha wakamwita wakili wao. Wakili akamkalisha yule binti, akamwandikisha kwa mkono wake kwamba ameua. Chumba cha kufulia hakikutajwa. Karatasi ikaingia kwenye sanduku la familia, ikafungiwa. Siku ukifungua mdomo, aliambiwa, utaozea jela.

Nusu karne karatasi ililala. Sasa mtu ameiamsha. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe: *Tupe njia za nyambizi zenu. Mwisho kesho saa kumi alasiri. La sivyo mama yako atakwenda kufia gerezani.*

"Mama anajua?" Ishbel alimuuliza.

"Hajui kama mimi najua," Eilidh alisema. "Ana mapafu mabovu na bustani ya viazi. Hicho tu ndicho alichonacho."

"Nitakuletea hiyo karatasi."

Ishbel hakuwa mtu wa ahadi. Hata yeye alijishangaa.

*

Kampuni ya mawakili Balgonie na Strang, mawakili wa Inverlaw tangu zamani, ilikuwa imeuzwa kwa wakubwa wa London. Nyaraka za wateja binafsi, za miaka mia mbili, zilikuwa zinapigwa picha kabla ya kusagwa. Watu wenye ovaroli waliingia na kutoka. Ishbel naye alivaa ovaroli, akabeba chupa ya chai ya Stanley, akashuka chini ya ardhi. Hakuna aliyemuuliza. Tajiri haoni ovaroli.

Huko chini kulikuwa na masanduku ya bati, meusi, kila moja na jina la mteja kwa rangi nyeupe. Mabwana wakubwa. Majaji. Askofu mmoja.

Akafungua moja, kisha jingine. Afadhali asingefungua.

Mjane aliyetiwa hospitali ya wendawazimu akiwa na akili zake timamu, ili shamba lisigawanywe. Mtoto wa nje ya ndoa aliyepelekwa Kanada na miaka minne, mama yake akaambiwa amekufa kwa surua. Na kila karatasi imekunjwa vizuri mara tatu, imefungwa utepe wa rangi ya waridi. Kama zawadi ya harusi.

La kuvunda halina ubani, wahenga walisema. Hawa walikuwa wamepata utepe.

Ishbel alitema mate kwenye kitambaa.

Rafu ya mwisho ilikuwa na pengo. Vumbi limetanda kote, isipokuwa palipokuwa na masanduku kumi na manne. Kibao kidogo kilibaki: *Inverlaw*.

"Unatafuta nini, dada?"

Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Suti ya pamba nzito, mashavu mekundu, harufu ya sabuni ya bei mbaya. Erskine Strang mwenyewe, wa mwisho wa ukoo ulioipa kampuni jina.

Ishbel alimwonyesha kitambulisho. Strang akakisoma polepole, akatabasamu.

"Watu wa siri! Karibu. Hebu weka hapa simu yako. Na hicho cha sikioni. Na bastola, tafadhali, mimi ni mtu wa amani."

Ishbel aliweka vyote ndani ya sanduku tupu. Strang akafunga kifuniko. Akachungulia nyuma ya rafu moja, ya pili, ya tatu, kama mtu anayemtafuta paka.

"Mko wangapi?"

"Unaniona."

"Mmoja. Basi tuongee kama ndugu." Akakaa juu ya sanduku la askofu. "Unaijua sheria ya nchi yako, dada? Hapa Uskoti neno la shahidi mmoja halimfungi hata mwizi wa kuku. Lazima ushahidi utoke pande mbili. Ndiyo maana polisi wetu wanatembea wawili wawili kama ng'ombe wa jembe. Na wewe umekuja peke yako!"

"Kwa hiyo umeuza."

"Nimeuza. Kwa Lindqvist, mfanyabiashara mstaarabu kabisa. Zingesagwa bure! Babu yangu alizitunza, baba akazitunza, halafu London waniletee mashine ya kusaga?"

"Wateja wako walikuamini."

"Wateja wangu wamekufa. Wafu hawabadilishi wakili."

"Effie Macaskill hajafa."

Strang alikunja uso, akitafuta. "Nani? Aa, yule mfua nguo." Akapunga mkono. "Yule hakuwa mteja."

Maneno hayo yalimchoma Ishbel. Alishawahi kupigwa risasi, na haikuchoma hivi. Hakuonyesha. Akacheka kidogo, cheko la dharau.

"Ndivyo alivyosema Lindqvist. Tulimsikia kwenye simu. Anasema Strang ni tarishi tu. Unaambiwa beba, unabeba."

Mashavu mekundu yakawa mekundu zaidi.

"Tarishi?"

"Tarishi mzee, alisema. Asiye na akili ya kuficha hata kijiko."

"Yule mshenzi! Nani aliyewaza kuyashindilia ndani ya robota za manyoya ya kondoo? Manyoya mabichi, yenye mafuta, yanayonuka hata mbwa wa forodha anageuza shingo? Mimi! Yule hajui hata kondoo ana miguu mingapi!"

Akauma ulimi.

Strang akashusha pumzi, akatabasamu tena. "Na bado huna shahidi."

"Sina," Ishbel alisema.

Akafungua sanduku, akachukua vyake, akatoka. Chupa ya Stanley aliiacha kwenye rafu. Ndani yake hapakuwa na chai. Palikuwa na mtambo wa kuziba simu zote za chumba kile. Na ule mlango wa chuma, uliowekwa kuzuia moto, ukifungwa kwa nje, hata wakili hatoki.

Aliufunga kwa nje.

*

"Bosi. Strang kataja mbwa wa forodha. Manyoya mabichi ya kondoo, bandarini Leith. Yako wapi?"

"Banda moja tu limebaki. Gati la magharibi. Kuna meli inaondoka saa kumi."

"Basi chai itapoa."

Triumph ilikata kona ya kwanza kwa mguu, ya pili kwa dua. Lori likapiga honi. Dereva akamtukania mama. Ishbel akampungia.

Banda lilinuka kabla halijaonekana. Robota zilipangwa hadi darini, na gari la kunyanyulia mizigo lilikuwa linazisogeza kuelekea melini. Aliyeliendesha alivaa koti la Burberry.

Lindqvist. Alikuwa na pasipoti tatu, na hakuna hata moja ya kwao.

"Zima!" Ishbel alipaza sauti.

Hakuzima. Alitoa bastola, Makarov.

Pa!

Risasi ikazama kwenye robota pembeni ya shavu la Ishbel, ikalia *puf*, kama mtu amekalia mto. Ishbel alijirusha sakafuni. Mafuta ya kondoo yakampaka usoni, mdomoni, kwenye nywele. Bastola aliyoichomoa yeye ikateleza mkononi kama sabuni, ikaingia chini ya mizigo.

"Dada," Lindqvist aliita, sauti ya upole. "Utakufa kwa ajili ya karatasi za wafu? Nchi hii inajinuka yenyewe. Mimi nimefungua dirisha tu."

Kilichomuudhi Ishbel ni kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Alitambaa nyuma ya lundo. Viatu vikamfuata taratibu, upande wa pili. Aliingiza mkono kwenye soksi, akatoa kisu kifupi, kile ambacho babu yake, mtu wa Wick, alivaa na ile sketi ya wanaume wa Uskoti siku za harusi. Mbele yake kulikuwa na mkanda mnene ulioshikilia lundo zima.

Akasubiri viatu vifike.

Akakata.

Lundo liliinama, likafikiri kidogo, likaanguka.

Vumbi lilipotulia, ulionekana mguu mmoja wenye kiatu cha Gucci, ukitikisika, na ilisikika sauti ikitukana kwa lugha ambayo haikuwa kwenye pasipoti yoyote kati ya zile tatu. Simu yake, yenye ile picha, ilikuwa imerukia sakafuni. Ishbel aliiokota, akaitumbukiza kati ya gati na meli.

Blubu.

Kisha akapasua robota moja baada ya nyingine hadi bati jeusi likang'aa. *Inverlaw*. Karatasi ilikuwa juu kabisa, na utepe wake. Mwandiko wa mtoto wa shule, herufi za duara, zilizobonyezwa kwa hofu hadi zikatokeza upande wa pili. Hakuisoma. Aliitia ndani ya buti.

Ndipo alipowaita polisi.

Walikuja wawili, kama ng'ombe wa jembe: Konstebo Baxter, mnene, na Konstebo Dhillon, kilemba chake cheusi kimelowa.

"Toeni masanduku yote," Ishbel aliwaambia. "Mkishirikiana. Andikeni moja moja, mtie sahihi nyote wawili."

"Sote wawili? Haraka ya nini, mama?" Dhillon aliuliza, akijipangusa pua. "Lo, harufu hii!"

"Bosi wangu anakaribia kupiga simu."

Na kweli sikio likalia.

"Gunn, umeyapata?"

"Yapo."

"Safi sana. Usimwite mtu. Tuletee hapa. Kuna majaji humo, kuna mawaziri. Vitu hivyo vina kazi."

Ishbel alimtazama Lindqvist, aliyekuwa akivutwa miguu kutoka chini ya manyoya.

"Huyu naye alisema hivyo hivyo, bosi."

"Gunn. Hiyo ni amri."

"Umechelewa. Konstebo wawili wamekwisha andika, na wenzao wanaandika yale ya kule chini kwa Strang. Ni vielelezo vya mahakama. Hakimu atawaita wenyewe, na watoto wa mjane, na yule wa Kanada kama yuko hai. Hapa kwetu wawili wakiona, imeonekana."

Simu ikakatwa.

Strang aliletwa na gari jingine. Saa ile moja ya kufungiwa na masanduku ya babu yake ilikuwa imemfanya wa kijivu. Hata hivyo alipomwona Ishbel alipata nguvu.

"Shahidi mmoja! Neno lake tupu! Niacheni!"

"Wewe ni wakili wa wosia, Bwana Strang," Ishbel alisema. "Jinai umeisahau. Uliniambia yamo ndani ya manyoya mabichi. Nani angelijua hilo isipokuwa aliyeyaweka? Tumepasua manyoya, yamo. Mdomo wako ni upande wa kwanza. Kondoo ni upande wa pili."

Baxter alicheka hadi akakohoa.

Strang aliangalia masanduku yaliyopangwa. Macho yakatua kwenye lile la Inverlaw, lililokuwa wazi.

"Kuna karatasi imeibiwa," alisema. "Ungamo la mfua nguo. Lilikuwa juu kabisa. Huyu mwanamke kalichukua!"

"Karatasi gani?"

"Niliiweka mwenyewe! Nimeiona kwa macho yangu!"

"Wewe peke yako?"

Strang aligeuka. Akamtazama Lindqvist. Lindqvist akatazama bahari.

"Pole sana," Ishbel alisema. "Hapa Uskoti neno la shahidi mmoja halimfungi hata mwizi wa kuku."

*

Huko Dunbar, alikokaa Effie, upepo ulikuwa ukipiga kutoka baharini na kulaza majani ya viazi. Eilidh aliegesha gari mbali kidogo na geti. Ishbel alimpa ile karatasi. Yule mwanamke wa nyambizi aliishika kwa ncha za vidole, kisha akairudisha.

"Mpe wewe. Mimi nitabaki sijui."

Effie Macaskill alikuwa jikoni, mwanamke mdogo, mwenye pumzi fupi na mikono mikubwa. Aliutambua utepe kabla ya karatasi. Akakaa.

"Binti yangu anajua?"

"Hajui," Ishbel alisema. Uongo mwingine ni blanketi.

"Hmm." Effie aliulegeza utepe, akautupa sakafuni kama mtu anayetoa jongoo nguoni. Akautazama mwandiko wake wa zamani. "Walinikalisha pale jikoni mchana kutwa niandike hii. Wao wanakunywa chai, wanakula keki, mimi naandika. Unajua? Hawakunipa hata kikombe."

Aliinuka, akafungua mlango wa jiko la makaa, akaisukuma karatasi ndani kwa chuma. Ikajikunja, ikashika. Akaweka birika juu.

Walisimama wakilisikiliza hadi likaanza kuimba.

"Unanuka kondoo, dada," Effie alisema.

"Najua, mama. Nimekutana na wabaya zaidi."

Ishbel alikunywa kikombe chake akiwa amesimama, chai nyeusi ya kuunguza, sukari mbili. Effie alichungulia dirishani, akaliona gari nyuma ya ua. Alilitazama muda.

"Yule mtoto anakaa kwenye gari na baridi hii yote ya nini?" alisema. "Ukitoka, mwambie aingie. Chai bado ya moto."

Ishbel alimwambia. Kisha akavuta kola, akachomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni kikiwa bado kinalia, akatembea taratibu kuelekea stesheni.