Toleo Lililozuiwa Kaisho

Kufuli la kabati halikuwa na mkwaruzo. Lilifunguliwa kwa ufunguo wake, ambao kila mfanyakazi alijua msumari unaotundikwa ukutani. Redio ilikuwepo. Kikokotoo kilikuwepo, hata kopo la majani ya chai. Zilizokosekana ni disketi mbili tu, zilizofika jana kutoka Nairobi.

Inspekta Elpidius Kazaura, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Kayanga, alisahau vumbi lililomjaa kooni. Mwizi gani huacha redio akabeba disketi?

"Zina nini?" alimwuliza Gaudiosus, kijana wa kompyuta katika ofisi ile ya kambi ya wakimbizi ya Kaisho.

"Toleo jipya la programu ya kuhamisha mafaili, afande. Orodha ya watu tunaiandika hapa, programu inaipanga kwa familia na kuipeleka kwa simu hadi kompyuta kuu ya Nairobi. Kompyuta hiyo ndiyo inayopanga nani apande lori gani Jumamosi, kwenda kambi ipi. Toleo linazinduliwa leo saa sita, kambi zote."

"Bila disketi?"

"Tunabaki na la zamani. Lile halina akili, afande. Linaziacha familia kama karani alivyoziandika."

Elpidius akamgeukia mlinzi. "Shikamoo mzee Anastazi. Nani ametoka hapa tangu jana?"

"Marahaba. Wametoka wote, na wote nimewapekua. Hata wewe nitakupekua ukitoka."

"Basi disketi zimo humu ndani."

Ndani ya kapu la taka Inspekta aliokota karatasi ndefu yenye vitundu pembeni. Ilijaa majina. Mtu alikuwa amechora mistari kwa penseli nyekundu, kutoka jina la ukurasa wa kwanza hadi la sita, kisha la tisa, kama anayekusanya kitu kilichomwagika.

"Hiyo ni ya jaribio tu," Gaudiosus alisema. "Jana jioni nilituma orodha kwa toleo jipya, nikiliendesha kutoka kwenye disketi zenyewe, majibu yakarudi. Likafanya kazi vizuri."

"Linapangaje watu?"

"Kwa jina la mwisho. Wenye jina moja, familia moja."

Elpidius akawakumbuka ndugu zake. Kwao Kibingo walizaliwa watano, na kila mmoja baba yao alimpa jina lake la pekee. Dada yake ni Kokugonza, yeye ni Kazaura. Mashine hii ingewahesabu kuwa watu watano wasiojuana.

Akafungua daftari la mkono lililokuwa mezani. Kila familia ilizungushiwa alama, kwa penseli nyekundu.

"Nani anaandika daftari hili?"

"Mimi, afande," alijibu Mukantabana, karani, naye mkimbizi kama walioandikwa humo.

"Ziko wapi, mama?"

Hakuuliza ni zipi. Aliinua mashine ya kupigia chapa, akazitoa disketi chini yake. "Sikuziharibu."

"Kwa nini ulizificha?"

"Nina watoto wanne wa marehemu dada yangu. Kampire, Ildefonsi, Therese na Fidele. Kwetu kila mtoto ana jina lake, hatuna jina la ukoo. Jana nilipowatafuta kwenye hiyo karatasi, niliwakuta kambi nne tofauti. Fidele ana miaka mitatu. Yuko peke yake, ameandikwa mkuu wa kaya."

"Ungesema."

"Nilisema." Akamtazama Gaudiosus. "Akaniambia nisubiri toleo lijalo."

"Linakuja lini hilo?" Elpidius aliuliza.

"Mwakani," kijana alijibu, sauti imemshuka.

Mukantabana alinyoosha mikono yake miwili, akingoja pingu.

"Kaa kwanza," Elpidius alimwambia, akivuta kiti. "Kosa nitaliandika, mama, kwa sababu lipo. Na sababu yake nitaiandika yote, hata kama itamaliza wino."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Gaudiosus alikuwa bado anaikodolea macho ile karatasi. Aliufuata mstari mwekundu kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, mpaka ulipoishia. Kisha akainua simu.

"Nairobi? Hapa Kaisho. Msizindue." Akasikiliza swali lao. "Ndiyo, hitilafu. Ni yangu, niliambiwa sikusikia. Andikeni mfano wake: Fidele, umri miaka mitatu, mkuu wa kaya."