Mkono Uliotulia

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, bangili imelala juu ya kabati bila chaji hata kidogo, na bado mkono wa Dominique ulikuwa umetulia. Clotilde, mkewe, alimtazama akinywa chai bila kumwaga tone, na badala ya kufurahi akaogopa.

Jamani, ungefurahi wewe? Dominique ni kinyozi hapo Likasi, Kongo, na ugonjwa wa Parkinson ulimtetemesha mkono wa kuume hadi wateja wakamkimbia. Nani atampa shingo yake mtu anayeshika wembe huku anatikisika? Ndipo binti yao Jaël, aliyeko Ubelgiji, akamtumia hiyo bangili. Unaivaa kama saa, inanguruma kidogo kwenye kifundo, mkono unatulia. Ukiivua, kutetemeka kunarudi. Ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Clotilde alijua kosa lilianzia wapi, ila aliona haya kulisema. Siku moja alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, kisamvu cha kwao, akasikia makofi sebuleni, yale ya polepole ya viganja vilivyokunjwa, Waluba wanavyomsalimu mtu wa heshima. Akakunja goti kidogo, akaitika, "Eyo vidye." Watu wa kwao huitika hivyo kutwa nzima, yaani ndiyo, mheshimiwa, bila kuwaza kwamba vidye ni jina ambalo wazee waliwaita nalo pia pepo. Alipoingia hakukuta mgeni. Mlango ulikuwa na komeo, Dominique kasinzia kitini, bangili inanguruma, na chumba kizima kinanuka waya unaoungua.

Tangu hapo mkono ule ulikuwa wa baridi, na ile harufu ilimfuata Dominique hadi kitandani, hadi kanisani, hadi kazini, ambako jana alipokuwa anamnyoa jirani yao Floribert wembe ulifika kooni ukagoma kuondoka, ukakaa hapohapo unabonyeza ngozi taratibu, mpaka Dominique, jasho linamchuruzika, akaukamata mkono wake kwa mkono wa pili na kuuvuta kwa nguvu zote. Jioni alimnong'oneza mkewe.

"Haiko miye nilikuwa nashika ule wembe, Clotilde. Kesho huu mukono utakata muntu."

Baada ya chai ile Clotilde alikwenda kwa Mama Carmen, mwombezi wa chumba cha maombi cha mtaani, akamweleza yote. Mama Carmen akasema kwa sauti ya chini, "Ni weye njo ulimukaribisha. Mugeni habamufukuzake, mama, banamusindikizaka. Mumupeleke mupaka ku barabara. Na akipiga makofi nyuma yenu, musiitike, hata weye, hata bwana yako."

Basi alipaswa kumwambia mumewe. Lakini haya ni kitu kibaya. Alimwambia tu wakanyooshe miguu kidogo, akajipa moyo kwamba mengine atayasema wakirudi.

Wakatoka mchana kweupe, Clotilde kaushika ule mkono wa baridi, hadi njia panda ya kwenda Kamatanda. Hapo akauachia, akapiga makofi polepole, akasema, "Enda muzuri." Mkono ukashtuka. Ukapata joto, vidole vikaanza kucheza, kisha wote ukatetemeka vibaya kuliko zamani, na Dominique akalia kama mtoto. Clotilde naye alilia, kwa furaha. Akaubusu ule mkono, mkono wa mume wake, ugonjwa na yote!

Walirudi wameshikana, mkono unampigapiga kiganjani naye anaona utamu. Wembe Dominique hatashika tena, na iwe hivyo. Nyumba ilikuwa imeshaonekana Clotilde aliposikia makofi nyuma yao, yale ya polepole, na hewa ikanuka waya unaoungua. Aliuma midomo. Akambana mumewe vidole na kumvuta, lakini Dominique ni mtu aliyelelewa vizuri, maishani mwake hajaacha salamu ya mtu ikapita bure, na tayari alikuwa amegeukia barabara tupu na kukunja goti.

"Eyo vidye," akaitika.

Kiganjani mwa Clotilde, mkono ukatulia.