Liki za Cuthbert, Njiwa wa Norman

Foleni ya watu wa kulia kwa malipo ilizunguka stendi ya mabasi ya Gateshead mpaka mlangoni kwa muuza samaki. Watu wa sinema walikuwa wamekuja kutoka London kupiga filamu ya mwanamume anayerudi kwao kulipiza kisasi, hadithi waliyoitoa kitabuni, na walihitaji waombolezaji. Mji mzima ulivaa nyeusi. Hata yule mjane wa mtaani kwetu aliyemzika mumewe kwa gauni la njano, siku hiyo alipata jeusi.

Avril Hedley alivaa koti la marehemu mama yake, refu hadi vifundoni, na midomo kaipaka nyekundu kama gari la zimamoto.

"Dada, unakwenda kuzika au kuolewa?" akauliza kijana nyuma yake.

"Inategemea maiti ni nani. Ukijitolea wewe, nitakuja na keki."

Kijana huyo alikuwa Cuthbert Nixon, mchomeleaji wa meli kwenye Mto Tyne, ndani ya suti ya kuazima yenye mikono iliyokimbia viganja. Wakachukuliwa wote wawili. Kutwa nzima walilifuata jeneza tupu, wakarudishwa, wakalifuata tena. Kufika jioni walikuwa wameshikana mikono.

"Nyie wawili kule nyuma!" mwongoza picha akafoka. "Huzuni!"

Wiki ile kila jioni Cuthbert alipiga simu kutoka kibanda cha kona.

"Umelala, kipenzi?"

"Jua halijazama! Mimi kuku?"

"Nimetoka kuzitazama. Zimenenepa, wallahi, zimekuwa kama mapaja."

"Mapaja ya nani? Mimi hujaniuliza kama nimenenepa."

Zilizonenepa ni liki zake, ile mboga ndefu jamii ya kitunguu. Kwetu, liki za mashindano si mboga. Hubembelezwa kama mtoto mchanga, hunyweshwa bia kabla ya baba mwenye nyumba, na anayezitamani kwa kula huonekana mla watu. Mwaka ule klabu ya mtaa ilitoa zawadi ya kitanda cha watu wawili kwa mwenye liki nene kuliko wote.

"Nikishinda tunaoana," Cuthbert akasema. "Kitanda kipo, visingizio vimekwisha."

Mshindani wake alikuwa Norman, kaka yake Avril, aliyemlea dada yake huyo baada ya mama yao kufa. Mgodi ulimrudisha Norman na kifua kilichojaa vumbi la makaa, akabaki na raha mbili: liki na njiwa wa mbio.

Siku moja kabla ya mashindano, Cuthbert alitoka kwenye kazi ya sinema akapitia bustanini kwake nyuma ya reli. Liki zake zote zilikuwa zimekatwa kwa kisu, usawa wa udongo. Kwetu hakuna anayeuliza mkataji ni nani. Ni mshindani, siku zote.

"Kaka yako amenikatia liki," akasema kwenye simu.

"Norman? Viatu vyake nafunga mimi, hawezi kuinama!"

"Mtu akitaka kitanda huinama."

"Cuthbert, ngoja niulize. Ukiwagusa njiwa wake kulipiza kisasi, mimi na wewe basi."

"Wiki nzima namtazama yule mwanamume wa sinema. Yeye hangoji."

"Yule analipwa! Akimaliza kuua anafutwa poda, anapewa chai!"

Simu ikakatwa.

Norman alikuwa klabuni, kibanda cha njiwa uani kwake hakikuwa na mlinzi. Njiwa walizoea mikono ya watu, hawakukimbia. Cuthbert aliwanyonga mmoja mmoja, akawalaza mlangoni.

Kabla hata taa za barabarani hazijawashwa, mpishi wa watu wa sinema aliingia klabuni kuuliza wapi atapata tena liki kama zile alizozikuta zimejiotea nyuma ya reli. Mchuzi wake wa mchana waombolezaji wote waliusifu. Cuthbert aliomba bakuli la pili.

Asubuhi akaja na maua na pete, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mwingize, Avril," Norman akakohoa kutoka ndani. "Mjinga huyo, si mwovu."

Avril hakumpisha mlangoni. "Nakupenda, Cuthbert. Ndicho kinachoniudhi."

"Basi nisamehe, kipenzi. Nitamnunulia wengine."

"Nilikuomba kitu kimoja, ungoje niulize. Leo mboga. Kesho mwanetu akivunja kikombe, utamuuliza kwanza?"

Mabawa yakapiga juu ya paa. Njiwa dume mmoja hakuwemo kibandani jana. Alikuwa kwenye mbio za kutoka Ufaransa, ukungu ukamchelewesha. Dume wa mbio hutenganishwa na jike wake kabla ya safari, ili hamu imrudishe upesi. Akaingia kibandani kwa kiherehere, akalia, akazunguka. Akatoka. Akaingia tena.

Norman alitoka mbio na saa yake ya kuandikia njiwa wa mbio amefika saa ngapi, akafika nusu ya ua, akasimama nayo tu.

"Cuthbert," Avril akasema, "mweleze huyo njiwa kwanza. Akikuelewa, rudi unioe."