Pumzi ya Emiliana

Emiliana alipita pale pa kuvuta pumzi bila kuvuta pumzi, tarumbeta yake ikilia tu, na Zablon, mumewe, akajua kuna mtu anamfanyia mchezo.

Wimbo ule wa jazi aliutunga mwenyewe, akalipangia kundi lake la matarumbeta hapo Hombolo, na sehemu ya kupiga peke yake akampa mkewe. Katikati alimwekea kituo makusudi, maana mapafu ya binadamu yana mwisho. Jumamosi wangeupiga Mtumba mbele ya wakubwa, na roho yake yote ilikuwa huko.

Macho yakamwendea Geofrey wa tromboni. Mtanashati yule alikaa nyuma ya Emiliana, na siku hizi walikuwa wakinong'onezana. Wivu ukampanda Zablon.

"Geofrey, unampulizia mke wangu?"

"Mwalimu, mimi hapo niko kimya. Tromboni iko mapajani." Kijana akashusha sauti. "Hata mimi nimemuuliza shemeji. Anasema aliosha tarumbeta bwawani, jua la utosi. Tangu hapo hachoki."

Zablon hakuamini hata nusu. Akaamuru warudie, naye akasimama nyuma yao awakamate. Pakanuka tope bichi, kiangazi chote kile, na sauti ikaja, ikapita kituo, ikaendelea, na alipoweka mkono mgongoni mwa mkewe akaukuta umetulia kama ukuta, haupandi, haushuki, na hata Emiliana alipoishusha tarumbeta afute midomo, sauti haikukatika. Zablon akauondoa mkono upesi.

Kesho yake alikuwa Busi, kwa Mwamvua, mganga wa majini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamsikiliza mpaka mwisho. "Hilo ni jini la maji, limeupenda wimbo wako. Likianza kupuliza, wakatishe wote katikati, litatoka. Ukiuacha ufike mwisho, mkeo humpati tena."

"Na onyesho la Jumamosi?"

"Unaniuliza onyesho? Likishatoka, wimbo huo usipigwe tena."

Jioni wakakusanyika. Zablon alimweleza Geofrey tu, akainua mkono, tayari kuushusha ili wote wakome. Tope likanuka. Emiliana akaanza, na Mungu wangu, ulikuwa wimbo wenyewe, ule aliousikia kichwani miaka yote na hakuna mtu aliyewahi kuufikia. Kipande kidogo tu, akajiambia.

"Mwalimu, kata!" Geofrey alinong'ona.

Emiliana alimkodolea mumewe macho yaliyojaa machozi, akimsihi, vidole vikikimbia, na Zablon aliyaona machozi yale, aliyaona vizuri, na mkono wake ukabaki juu, ukabaki juu mpaka noti ya mwisho ikazimika.

Kundi zima likapiga makofi. Geofrey peke yake hakupiga.

Emiliana alishusha tarumbeta. Machozi yalikuwa yamekauka. Alimtabasamia mumewe, kifua kimetulia tuli.

"Mzuri sana," alisema, kwa sauti isiyokuwa yake. "Tunga mwingine."